Bwana Koki Auliza Siku

Kijiji chenyewe ni nyumba arobaini na kitu, zimeng'ang'ania mgongo wa kilima. Ng'ambo ya korongo kuna kitongoji kingine, na chini bondeni cha tatu, penye soko. Vyote vitatu vinanywa bomba moja litokalo kwenye chemchemi, kwa zamu, na mwenye ufunguo wa kugawa maji ni mzee mmoja mwembamba aitwaye Bwana Koki. Hata marehemu mkewe alimwita hivyo.

Kalenda hana. Alhamisi huijua kwa masikio: zogo la soko likipanda kutoka bondeni, anafunga koki ya kijijini, anafungua ya bonde. Miaka kumi na tisa hakukosea.

Wiki ile Alhamisi ilikuwa siku ya kupiga kura, soko likasogezwa Jumatano. Habari ikampita. Aliposikia zogo, akafunga.

Shemeji yake, mjane wa kaka yake, alikuwa na mafundi wanaomwaga zege la sakafu. Maji yakakatika wakiwa nusu. Mpaka Bwana Koki aje kuitwa na kufungua tena, zege lilishaganda, lina nundu katikati kama tuta la viazi.

Jioni kamati ya maji ikaketi uani kwa mjane huyo. Wengine walitaka ufunguo apewe mtu mwenye simu. Bwana Koki aliuweka mapajani, akaufunika kwa kofia. Bila ufunguo ule hakujua asubuhi angeamkia nini.

"Shemeji, leo siku gani?" mjane akamwuliza.

"Kwa masikio yangu, Alhamisi. Kwa sakafu yako, naambiwa Jumatano."

Watu wakacheka.

"Usinichekeshe, nina hasira. Kilima cha nje hakikunitosha, umeniletea kingine ndani?"

Mwenyekiti akamwuliza mjane anataka nini.

"Abaki na ufunguo. Huyo mwenye simu chaji ikiisha tutakunywa nini? Ila kila asubuhi, kabla hajagusa koki, apite kwangu aulize siku."

"Kila asubuhi? Kama mtoto wa chekechea?"

"Na salamu kwanza."

Bwana Koki akauangalia ufunguo kwa muda, kisha akavaa kofia.

Kulipokucha alipiga hodi, akasalimu, akauliza.

"Alhamisi," sauti ikajibu kutoka ndani. "Ya kweli hii."

Akashukuru, akaenda kuwafungulia wa bondeni.