Kome Waliofumba

Sikumpenda mama mkwe wangu, na yeye hakunipenda. Nalisema hili kwanza ili msomaji asijisumbue kunitetea. Miaka minne tulikaa naye nyumba moja hapa Kalemie, mji wa kando ya ziwa, akionja mboga yangu kabla ya kunisalimia, akiwaambia wajukuu kwamba mwanamke anayefundisha habari za wadudu hawezi kujua kupika sombe ya majani ya muhogo. Kwa hiyo kaka mkubwa wa mume wangu aliposema amepata kiwanja cha kumjengea mama yao, mimi ndiye niliyefurahi kuliko wote.

Kiwanja kilikuwa pahali tambarare, juu kidogo ya ziwa, mwendo wa dakika chache kutoka majini. Tulikwenda kukiona Jumapili moja, shemeji akitangulia na viatu vyake vyeupe. Mafundi walikuwa wameshachimba mtaro wa msingi, kina cha kiuno. Nilichungulia ndani nikaona tabaka la makombe ya kome, unene wa kiganja, limenyooka kutoka kona hadi kona.

Mimi nafundisha biolojia. Darasani kwangu kuna jani lililochapwa juu ya jiwe, limetoka kwenye mgodi wa zamani wa makaa karibu na mto Lukuga. Kila mwaka nawaambia wanafunzi kwamba kisukuku si jiwe la mapambo, ni ushahidi: kitu hiki kiliishi, na pahali palikuwa hivi. Basi nikashuka mtaroni na gauni langu la Jumapili, nikachokoa kome mmoja kwa ncha ya ufunguo.

"Shemeji, hapa ziwa lilikuwa," nikasema.

"Madame, hapa si ku masomo," akanijibu. "Hii makombe njo ya watu wa zamani. Walikula, wakatupa."

Nikamwonyesha. Kome ana makombe mawili yaliyoshikana mgongoni. Ukitaka kumla, lazima umfungue. Akifa mwenyewe, kile kinachoyashikanisha huoza, na mawimbi huyatawanya. Hawa walikuwa wamefumba, wamejaa mchanga uliogandamana, wengine wameshaanza kugeuka jiwe. Walifunikwa pale pale walipokuwa wakiishi, chini ya maji. Nikamweleza kwamba Lukuga, mto unaotoa maji ya ziwa letu, uliwahi kuziba, ziwa likapanda, kisha mto ukafunguka likashuka. Kama lilifika hapa, linaweza kurudi.

Shemeji alicheka. Alimchukua yule kome mkononi mwangu, akamrushia fundi mkuu, akamwambia amtie kwenye zege, atasaidia kushika nyumba. Mafundi wote wakacheka. Mume wangu, ambaye ulimi wake hupotea kaka yake anapokuwapo, alitazama chini. Nilitoka mtaroni na matope magotini, nikaapa moyoni kwamba sitasema tena neno. Wajenge. Maji yawakute humo humo.

Siku chache baadaye mama mkwe alinifuata jikoni. Hakuwa na desturi ya kuniuliza kitu.

"Mama Mwalimu," akasema, na hakuwa amewahi kuniita hivyo. "Ile maneno ya kome, njo kweli? Kama ni kweli, niambie mimi. Nitamukatalia mutoto yangu."

Nilikuwa natwanga sombe. Ningemweleza kwa maneno kumi. Baba yake alikuwa mvuvi, alishika kome tangu utoto, angenielewa upesi kuliko darasa langu zima. Lakini niliiona nyumba yangu bila yeye ndani, na bado nilikisikia kile kicheko cha mafundi.

"Mimi sijui mambo ya kujenga, Mama," nikasema. "Muulizeni mtoto wenu."

Aliitazama mikono yangu, kisha akatoka. Alihamia nyumba ile mpya kabla ya mvua.

Miaka miwili nilikaa kwangu kwa raha, sitasema uongo. Kisha ziwa likapanda. Halikuja kwa fujo. Lilianza kutokea uani kwa mama mkwe, likafurisha choo, likaingia sebuleni. Shemeji alikuwa safarini Manono akifuata biashara ya madini, akapiga simu kusema maji yatashuka, mama asiogope. Mama hakutoka. Saa sita mchana ukuta uliolowa ukaanguka, ukamvunja nyonga.

Sasa yuko tena nyumbani kwangu, na hatembei. Namlisha, namwosha, namgeuza. Shemeji anatuma salamu. Majirani wanakuja kumpa pole, na kila mmoja mama mkwe anamweleza habari ile ile, kwa sauti ya kufika hadi jikoni: "Huyu mukamwana alisema. Alionyesha hata kome. Wanaume njo hawakumusikia." Majirani wananisifu, nami napakua chakula. Afadhali angenitukana. Mwanzoni nilidhani amesahau alivyonijia jikoni, nikamshukuru Mungu kwa uzee wake. Ndivyo nilivyo.

Wiki iliyopita sikuweza tena. Wageni walipoondoka nilifunga mlango, nikamwuliza kwa ukali kwa nini anawadanganya watu.

"Sidanganye," akasema. "Ulisema pa kiwanja. Watu wote walisikia."

"Na jikoni, Mama?"

Nje wanangu walikuwa wakicheza chini ya dirisha, tukiwasikia.

"Jikoni tulikuwa wawili," akasema. "Wale watoto hawana mama mwingine. Sasa nigeuze, mugongo unauma."

Nikamgeuza. Sikumpenda hata wakati ule.