Ngombe ya Muguu Moja ya Hakorimana

Ninyi basomaji munanichokesha. Kila mara nikiandika kitu juu ya Masisi, mu commentaire munajaza swali moja tu: "Kaka, kule kwenu munapataka wapi réseau?" Kama vile tunaishi ndani ya chungu. Réseau tunaipataka nyuma ya église, juu ya jiwe moja, muguu moja hewani, téléphone juu ya kichwa. Munafurahi sasa? Basi leo nitawaelezea Hakorimana, juu yeye alitafuta réseau kupita siye bote, na muone fasi ilimufikisha.

Hakorimana iko kijana wa mulima yenye inatazama Rubaya. Analima maharagi na viazi, na wakati shamba inapumuzika anabebaka mizigo ya bantu ku mugongo. Alikuwa na kitu moja tu ya maana: mutamba mwekundu, na alama nyeupe ku uso, aliilea tangu ikiwa inanyonya. Ile mutamba ilikuwa ya kwenda kwa Papa Valens, kule mu malisho ya juu ya Bweremana, kuwa ngombe ya dot, ni kusema mahari, ya binti yake Emérita. Kila muntu alijua. Hata mutamba yenyewe, ukiiangalia, ilikuwa na sura ya muntu mwenye iko na safari.

Kisha organisation moja ikafunga bureau na kuuza vitu vyake. Commerçant moja, Benoît, akanunua mo antenne ya internet ya satellite, ile parabole ya zamani, pana kupita mulango ya nyumba, na modem yake, na câble mingi kama matumbo. Leo bantu banataka ile ya kisasa, kidogo kama sahani ya kulia. Hii kubwa hakuna mwenye aliitaka. Camion ya Benoît ikazama mu matope chini ya mulima ya Hakorimana, na muntu mwenye camion yake imezama iko na wakati mingi ya kuongea.

"Kijana, na hii unashika dunia yote," Benoît akasema. "Bachimbaji ya Rubaya bataacha kupanda ku jiwe yenu. Batakuja kwako, batalipa. Mbele ya dot utakuwa na mitamba tatu."

"Na mimi nikupe nini?"

Benoît akaangalia ile mutamba. Mutamba pia ikamuangalia.

Leo Hakorimana mwenyewe anasemaka: "Siku ile kichwa yangu ilikuwa njo parabole. Wazi, na hakuna kitu ndani." Lakini wewe usicheke mbio. Mimi mwenye kuandika hii, kama ningekuwa na ngombe, ningetoa mbili.

Bantu ine bakaibeba kupandisha mulima, ku mabega, polepole, kama vile banabebaka mugonjwa. Mama moja akaacha jembe, akafanya alama ya musalaba.

"Nani njo mugonjwa, batoto yangu?"

"Hapana, Mama, iko internet."

"Eeh. Mungu amusaidie."

Hakorimana akasimika poto mbele ya nyumba, akafunga parabole juu, akageuza fasi hii, akageuza fasi ile. Kitu hapana. Majirani bakakuja na batéléphone yabo, bakakaa mu nyasi, bakangoja, bakarudi. Kunguru njo alibaki.

Emérita akasikia habari ku soko, akapanda mulima mbio mbio. Akasimama chini ya ile kitu, mikono ku kiuno.

"Hakori. Ngombe yetu iko wapi?"

"Njo hii."

"Iko na miguu ngapi?"

Hakorimana akaangalia poto. "Moja."

"Sikiliza. Papa yangu akikosa ngombe siku ya dot, atafunga mulango, na kuko bengine banagonga. Nakupenda, lakini sitaolewa na antenne."

Njo Hakorimana akatuma habari kwa Thierry, mutengenezaji wa batéléphone ku Mubi, kule Walikale. Thierry akafika na pikipiki, amejaa matope hadi mu masikio. Akafungua modem, akapuliza mo, akasoma maandiko ya nyuma, akaanza kucheka peke yake.

"Kaka, hii modem ilikuwa inaongea na kampuni moja yenye ilishaachaka hii kazi. Unaita nyumba yenye haina tena muntu."

"Sasa nifanye nayo nini?"

"Kwetu Mubi tuko na parabole kama hii mbili. Moja inafunika choo ya église. Ingine, mama moja anakaushia mo muhogo." Akafuta macho. "Lakini ninyi bantu ya ngombe munashangaza. Siye mu pori, muntu akitoa mbuzi yake, anaulizaka kwanza kama kile kitu kinaliwa."

Hakorimana akajaribu kukausha mo maharagi. Juu huku kwetu, Thierry alieleza, satellite iko karibu juu ya kichwa, njo maana parabole inalala mugongo, inaangalia mbingu. Na Masisi, ukiangalia mbingu, mbingu inakujibu na mvula. Maharagi ikaogelea. Akaziba tundu ya katikati na kipande ya sandale, akaishusha chini, akasema basi itakuwa bassin ya kufulia. Ndama ya jirani ikakuja ikakunywa mo maji yote na kulamba sabuni. Hakorimana akaifukuza na fimbo. Muone vile alikuwa kipofu.

Siku ya dot ikakaribia. Oncle yake Niyonsenga akaleta mawazo: "Tuazime ngombe ya jirani. Tuionyeshe, kisha usiku irudi."

Emérita akacheka na hasira. "Oncle, Papa anajuaka ngombe yote ya Masisi na bamama yabo. Atauliza tu: hii ya jirani yenu Zéphyrin inafanya nini hapa?"

"Basi tutapeleka ile yenye tuko nayo," Hakorimana akasema. "Kama ni haya, niipate mbele ya bantu, niimalize mara moja."

Kwetu, ngombe ya dot haipewi kimya. Kuko muntu wa kuisifu mbele ya familia zote mbili: rangi yake, pembe zake, ukoo wake, mwendo wake. Na ile muntu, kwa familia ya Hakorimana, njo Niyonsenga. Bakafika kwa Papa Valens, bakaweka parabole mu nyasi, na Niyonsenga akaizunguka mara moja, akasafisha koo.

"Muangalie mweupe huyu mwenye mugongo mupana! Muangalie pembe yake moja yenye inaonyesha mbingu! Haipige muntu teke. Haiingie mu shamba ya jirani. Ilikuwa inaongea na Bazungu usiku na muchana, na leo imewakatalia, imechagua nyumba yenu!"

Bamama bakaziba vinywa na vitenge. Papa Valens hakucheka. Akainama, akagonga ile kitu na fimbo yake. Ngwaa.

"Inatoa maziwa?"

Oncle akafungua kinywa, lakini Hakorimana akamutangulia. "Papa, tangu ifike kwangu, inatoa maji tu. Mutamba yako niliibadilisha na hii. Niko mupumbavu, lakini sikukuja kukudanganya."

Kisha, kama kawaida yetu, mvula ikapiga. Bote bakakimbia chini ya manjanja, zile bati za nyumba. Hakuna mwenye alimuangalia Hakorimana, na yeye aliangalia viatu vyake hadi mvula ikaisha.

Wakati bakatoka, ngombe za Papa Valens zilikuwa zimezunguka parabole kama bageni ku meza. Zinakunywa. Pale juu hakuna mutoni. Bachungaji banabebaka maji na bidon kutoka chini, kila siku, na matusi juu yake.

Papa Valens akaziangalia mpaka zikashiba.

"Hii inabaki hapa," akasema. "Naipokea kama chombo ya kunyweshea. Haiko ngombe, na usiiite tena ngombe mbele yangu. Mulango haujafungwa, kijana. Lakini Emérita atatoka hapa siku utaleta yenye miguu ine, ikunywe mo na zingine."

Emérita akamuangalia Hakorimana, akanyoosha kidole moja, kisha vidole vine. Njo hesabu ilikuwa hiyo.

Leo anaendaka kule kila juma kusugua majani ya maji mu internet yake na brosse. Bachungaji banamuita Ingénieur. "Ingénieur, leo connexion iko chafu!" Anasugua, anacheka nabo, na Emérita anamuletea viazi ya kuchoma.

Sasa wewe musomaji. Modem iko bado chini ya kitanda yake, na câble yote. Kama uko na mutamba, na unajua kazi yoyote ya hii modem, hata kufunika chungu, uniandikie hapa chini. Ila tafazali, usiniulize kama inashika réseau.