Upande wa Kushoto wa Mwenzangu

Nilianza kuwa na wasiwasi Jumatano moja, siku kumi kabla ya mashindano. Tulikuwa kwenye mazoezi ya jioni katika ukumbi wa kanisa hapa Kitengela. Mpira mwepesi kabisa ukapita kando ya mkono wa kushoto wa mwenzangu bila yeye kuinua raketi. Mtu akikosa mpira hujilaumu, hutikisa kichwa, huitazama raketi yake. Yeye alibaki ameinama akingoja, kana kwamba mpira haujapigwa.

Nilimuuliza kuna nini. Akasema ni miwani mpya, bado hajaizoea.

Tulikuwa tumecheza tenisi ya meza pamoja miaka kumi na mmoja, tangu tulipokuwa wapangaji katika ploti moja. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kule Kisaju, kwetu ni Ukambani. Yeye ni muuguzi katika zahanati mjini Kajiado, kwao ni magharibi. Mimi humwita sista, yeye huniita mwalimu. Sote tulikuwa tumepita miaka arobaini, na hakuna aliyetarajia tena kuvaa jezi yenye bendera. Ndipo mashindano ya kimataifa yakaletwa Kitengela, katika ukumbi wa shule moja. Wageni walitoka Uganda, Tanzania, Rwanda na Ethiopia. Klabu yetu kama mwenyeji ilipewa nafasi mbili za wanawake: kila mmoja acheze peke yake, kisha tucheze kama jozi.

Ijumaa nilimpima bila kumwambia. Tulikuwa tumekaa kwenye benchi tukinywa maji. Nilishika mpira hewani, karibu na sikio lake la kushoto, nikausogeza mbele polepole. Aliendelea kunisimulia habari za mgonjwa fulani. Mpira ulipofika karibu na pua yake ndipo akashtuka. Alinitazama, akaelewa nilichokuwa nafanya.

"Kuna kivuli," alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu Jumapili. Kwanza niliona vitu kama radi ya mbali. Saa hii kuna kivuli huku kando. Nitaenda kwa daktari wa macho mashindano yakiisha."

Nikamwuliza kwa nini asiende kesho yake. Alisema akienda, atalazwa kitandani, na jezi itavaliwa na mtu mwingine. Kisha akanishika mkono.

"Mwalimu, tafadhali. Usiambie kocha, na usiambie mzee wangu."

Nilikubali kuwaficha kocha na mumewe. Ningependa kuandika kwamba nilimhurumia, na kweli nilimhurumia. Lakini pia nilijua kwamba bila yeye sikuwa na jozi, nami nilitaka kucheza.

Wiki iliyofuata sikuwa na amani. Darasani, watoto wakiandika, nilifunika jicho langu la kushoto kwa kiganja nione ni kiasi gani cha dunia kinachopotea. Nilitafuta kwenye simu maana ya kivuli kwenye jicho, nikasoma mistari mitatu, nikaifunga kabla ya kufika mwisho. Kila asubuhi nilimtumia ujumbe kumuuliza kimeongezeka? Kila asubuhi alijibu kwa neno moja: kidogo. Nilijiambia kwamba yeye ndiye muuguzi, anajua mwili wake. Nilijiambia hivyo mara nyingi mno.

Jumamosi ya mashindano ukumbi ulikuwa umezibwa madirisha kwa mablanketi, maana upepo wa huku kwetu ukipenya hata kidogo unauhamisha mpira. Joto likawa kali. Mama mmoja wa Kimaasai aliyekuwa akitunza mlango alitusalimu "Supa", nasi tukaitikia "Ipa", na nikaona mwenzangu akigeuza kichwa kizima ili amwone.

Kila mmoja alianza peke yake, nasi tulipangwa kwenye meza zilizopakana. Mpinzani wake, msichana kutoka Uganda, alihitaji pointi tano au sita tu kumgundua. Baada ya hapo kila mpira ukaenda kushoto. Mimi nilikuwa nikitazama meza ya pili badala ya yangu, nikafungwa seti tatu mfululizo, kama yeye. Kocha alitugombeza kwa upole, akidhani ni uoga wa wageni. Sikumsahihisha.

Mchana tukacheza wawili dhidi ya jozi ya Tanzania. Katika mchezo huo mnapokezana: nikipiga mimi, mpira ukirudi ni lazima apige yeye. Hata kama unaona mpira unampita mwenzako, huruhusiwi kumpigia. Ukiugusa, mmepoteza pointi. Kwa hiyo kazi yangu yote ikawa kupiga mahali ambapo jibu lingerudi upande wake wa kulia. Nilipiga pembeni kabisa, nilipiga fupi, nilipiga chochote kilichowabana wale dada. Tulishinda seti ya kwanza, tukapoteza ya pili, tukashinda ya tatu, tukapoteza ya nne. Katika ya tano tulikuwa na pointi saba, wao tano, na seti huisha kwa kumi na moja. Klabu nzima ilikuwa imesimama nyuma yetu.

Mwenzangu alichukua taulo akajipangusa uso. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, bila kunitazama, "Mwalimu, ni kama mtu anashusha pazia."

"Tuache."

"Bado pointi nne."

Zilikuwa nne kweli. Nilizihesabu mimi pia, na hilo ndilo linalonisumbua hadi leo: kwamba nilizihesabu. Kisha nikaweka raketi juu ya meza, nikamwambia mwamuzi kwamba tumejiondoa.

Mwamuzi akamgeukia mwenzangu. Yeye akasema yuko sawa, anaendelea. Mwamuzi akanirudia mimi.

"Haoni," nilisema. "Jicho la kushoto halioni."

Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, na kocha akasikia. Wale dada wa Tanzania walizunguka meza wakaja. Mmoja akasema, "Poleni sana, dada zetu," akambebea mwenzangu mkoba mpaka kwenye gari la kocha. Mwenzangu alikaa kiti cha mbele na kocha njia nzima hadi Nairobi.

Mumewe alitukuta hospitalini. Daktari wa macho alipomaliza kumulika jicho, alisema utando wa nyuma yake unabanduka, akauliza hali hii ilianza lini. Mwenzangu akasema asubuhi ya leo. Daktari akaweka kalamu chini, akasema anahitaji kujua kwa hakika, maana muda ndio unaoamua ni kiasi gani kinachoweza kuokolewa.

"Siku kumi na tatu," nilisema.

Mumewe akanigeukia polepole. "Mwalimu, ulijua?"

Nikasema ndiyo. Aliitikia kwa kichwa, wala hakuniuliza jambo jingine. Afadhali angenitukana.

Walimpasua kesho yake. Kwa siku kadhaa alitakiwa kulala kifudifudi ili utando ushike, na nilipokwenda kumwona nyumbani niliongea na kisogo chake. Nilimwomba msamaha. Akasema, uso ukiwa ndani ya mto, "Ulinitoa tukiwa mbele. Na ile Ijumaa hukunitoa. Sasa sijui nikukasirikie kwa lipi."

Nilikaa naye mpaka mumewe aliporudi kutoka kazini, nikaaga.

Jicho lilirudi nusu. Anaona mtu akipita, anaona herufi kubwa za kwenye mabango, lakini hasomi kwa jicho hilo. Alirudi zahanati baada ya miezi miwili. Jozi yetu iliishia pale. Tukikutana sokoni tunasalimiana, tunaulizana habari za watoto, na kila mmoja anaangalia vizuri maneno yake.

Mwezi uliopita mumewe alinipigia simu. Nilipoona ni yeye, niliiacha ilie mara tatu kabla ya kupokea. Alisema daktari anataka kulichunguza jicho la pili, la kulia, kwa sababu wakati mwingine nalo hufuata, na kwamba yeye mwenyewe hajapewa ruhusa kazini ampeleke.

"Mpeleke wewe, mwalimu," alisema. "Na chochote daktari atasema, uniambie mimi."

Tulikaa kwenye foleni kwa muda wa saa tatu. Mwenzangu aliegemea ukuta macho ameyafumba, na mimi nilikuwa nikisoma tangazo lile lile la kunawa mikono bila kulielewa. Tulipoitwa, nilisimama mlangoni. Daktari alimulika, akaandika, akamulika tena. Akasema jicho la kulia liko salama kwa sasa, arudi baada ya miezi sita.

Mwenzangu alikuwa hajamaliza hata kuvaa miwani yake, nami nilikuwa tayari nje kwenye korido nampigia mumewe simu.