Sala Niliyoiruka

Miaka ile ya wakimbizi, kwetu Kigoma tuliamini kuna mshahara mmoja tu wa maana, nao ni wa kambini. Binti yangu alipochaguliwa kwenda chuo kikuu kusoma sosholojia, mama yake aliuliza huku akichambua dagaa, "Yaani unakwenda kusomea watu? Watu si tunao hapa bure?"

"Mama, mashirika yanawatafuta hao hao waliosomea watu."

Nilicheka, lakini nilimwamini. Pale mtaani Katubuka niliwaona vijana walioajiriwa kambini wakiezeka bati mwaka wa pili tu wa kazi. Mkopo wa serikali ungelipa sehemu ya ada. Sehemu iliyobaki ilinitazama mimi, katekista mwenye shamba moja la michikichi upande wa Mwandiga, urithi wa baba yangu. Kwetu mtu akibanwa hauzi michikichi, anaiweka kwa tajiri. Tajiri anakupa fedha, naye anavuna na kukamua mawese yake mpaka siku utakapomrudishia zote. Anachovuna hakipunguzi deni hata kidogo. Nikaiweka.

Tulipiga hesabu mezani, mimi na binti yangu. Mshahara wa miaka mitatu ungekomboa michikichi, na mkopo wa serikali ungekatwa polepole hadi uishe. Hesabu ilikubali. Hatukuandika popote kwamba wakimbizi nao wana kwao.

Kazi ya kambini aliipata, namshukuru Mungu, kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Kila mwezi nilikwenda kambini kuongoza ibada ya Jumapili, kwa kuwa padri hakuweza kufika kila mara. Katika maombi ya waamini kulikuwa na ombi moja ambalo halikukosekana: Bwana awarudishe ndugu zetu kwao kwa amani. Nililisoma miaka yote bila shida, maana amani yenyewe haikuonekana kuja.

Kisha ikaja. Mabasi ya kuwarudisha Burundi yakaanza kuondoka kila wiki. Jumamosi moja nilipofika, binti yangu aliniwekea chakula, halafu akaniwekea barua kando ya sahani. Mkataba hautaongezwa. Kambi inafungwa mvua zikiisha.

"Nimeomba kila mahali, baba. Wanataka walimu, wanataka wauguzi. Nikisema sosholojia wananiuliza ni ugonjwa gani." Alicheka, na kicheko kikageuka kilio. "Sijafika hata nusu ya deni la tajiri. Na mkopo wa serikali hauulizi kama nina kazi."

"Nyamaza, mwanangu. Mungu yupo."

Nilisema hivyo, na chakula kikanishinda.

Kesho yake nilisimama kusoma maombi. Nilipofika kwenye ombi lile, nililiruka, nikaombea mvua. Watu waliitikia kama kawaida, "Twakuomba utusikie." Nilikuwa nimewaombea mvua watu ambao hawakutaka tena kupanda pale.

Baada ya ibada alinifuata mama mmoja Mrundi, kiongozi wa kwaya, aliyelea watoto wanne katika kambi ile. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Shikamoo, mzee. Leo umeturuka."

"Marahaba. Ni macho, mama. Uzee huu."

"Ah, macho! Mbona mvua umeiona?" Akacheka. "Haya, tuombee sasa hivi. Gari letu ni Jumatano. Mama yangu bado mzima kule, ameagiza nisikawie."

Akapiga magoti kwenye vumbi. Binti yangu alikuwa mlangoni pa kanisa. Tulitazamana, nikajua kwamba ameelewa nilichofanya na kwa ajili ya nani. Akainamisha kichwa kabla yangu.

Nilimwekea yule mama mkono kichwani, nikaombea njia yake, shamba lake na mama yake. Kila nilichomwombea kilikuwa kinatoka kwenye sahani ya mwanangu. Machozi yalinitoka.

"Usilie, mzee," akaniambia. "Tutaonana."

Jumatano binti yangu alisimama mbele ya basi na orodha, akisoma majina ya wanaoondoka. Ndiyo iliyokuwa kazi yake. Jina la yule mama alilisoma kwa sauti safi.

Sasa yuko nyumbani. Kazi aliyoipata ni kwa yule tajiri, kupima madumu ya mawese yanayotoka kwenye michikichi yetu wenyewe. Ujira wake unaishia kwenye unga na sabuni, na barua za mkopo zinaendelea kuja. Mama yake ameacha utani wa kusomea watu.

Yule mama alituma salamu kwamba walifika salama na wamelima. Nashukuru, na nashukuru kweli. Lakini binti yangu anaporudi jioni na madoa ya mawese kwenye nguo zake, akaniamkia, naitikia marahaba, kisha natafuta neno la kuongeza. Nimefundisha watu kusali tangu ujana wangu, na neno hilo bado sijalipata.