Adapta ya Mwenye Veranda

Mwenye veranda tulikuwa rika moja, lakini aliniita kijana. Alikuwa amekaa Ulaya, akifanya nini hakuna aliyejua, na aliporudi alinunua jengo karibu na soko la Kibuye, akajenga nyumba Kisian, na akaendelea kuvaa koti. Koti la baridi, Kisumu, mwezi wa Februari. Jasho linashuka mpaka kwenye kola na mtu hatoi. Mimi nilikuwa na meza ya kutengeneza redio kwenye veranda ya jengo lile tangu kabla hajalinunua. Shule niliacha mapema, nitasema ukweli, mwalimu alipiga sana na mimi nilipenda redio. Lakini hayo ni mengine.

Kilichonikutanisha na adapta, hicho kiunganishi, ni mashine ya gemu. Kama hujawahi kuiona, ni sanduku dogo unaunganisha na televisheni, unasimamisha kaseti ya plastiki juu yake, halafu unashika kidude mkononi na kupiga ndege za uongo. Mtu mzima na ndevu zake. Ziwani kuna ndege wa kweli wanakula omena zetu, wale dagaa, zikianikwa, hakuna anayewafukuza.

Yeye alirudi na mashine kubwa ya huko Ulaya, na kaseti moja tu, ya kufundisha watoto hesabu. Sasa shemeji yake wa Sondu alikuwa ameona gemu ya vita dukani mjini, akaisifu, na huyu bwana akamwambia hiyo anayo nyumbani, tena picha yake ni safi zaidi. Uongo. Kaseti za vita zilizouzwa mjini zilikuwa nyembamba, za rangi ya njano, za mashine za aina nyingine. Kwa ile yake hazikuingia hata ukisukuma na goti.

Akanunua moja ya njano, akaniletea vyote mezani. "Kijana, tengeneza kitu cha kuunganisha. Wakwe wanakuja Jumapili."

"Bwana, hiyo kazi sijaona mtu akiifanya hapa."

"Ndiyo maana nimekuletea. Ukishindwa, tafuta veranda nyingine. Kuna mtu wa viazi anaitaka hii."

Akasema hivyo akijipangusa shingo. Nilikuwa na mke, watoto, na wateja waliojua kunipata pale tu. Nikachukua.

Nilifungua kaseti zote mbili. Ndani zilifanana kama mapacha, vidude vyeusi vilevile, ila njia za kutokea kwenye meno ya chini zilipangwa tofauti. Basi nikafuata kila njia na betri ya tochi na balbu ndogo, kutoka mguu wa kidude mpaka kwenye jino, huku na huku. Balbu ikiwaka, hapo ndipo. Nikang'oa tundu la kaseti kwenye mashine iliyokufa ya aina ile ya kaseti za njano, nikakata bodi iingie kwenye mashine ya Ulaya, nikaunganisha moja moja na waya nyembamba za redio. Wiki hiyo sam walikuwa wametoka ziwani, wale wadudu wanaojaa kama moshi, wakafia kwenye solda ya moto. Ukitaka kujua uvumilivu, toa mdudu kwenye solda.

Ikafanya kazi. Kaseti ya njano ilikaa juu ikiangalia nyuma, picha yake kwa ukuta, kwa sababu meno yalitaka hivyo. Nikamwambia: usigeuze, ukigeuza umeme utaingia mahali pabaya. Akaitikia yes, yes, kama watu wasiosikia.

Jumapili aliniita niiwashe mwenyewe. Sebule ilikuwa na vitambaa kila mahali, hata juu ya redio kulikuwa na kitambaa, na juu ya kitambaa ua la plastiki. Mahari ilikuwa imekwisha kulipwa, kwa hivyo desturi ilimruhusu mama mkwe mwenyewe kuingia, akakaa karibu na mlango. Kwetu mkwe hapandishi sauti mbele ya mama yule, na mkwe akisema neno pale limesemwa, halirudishwi. Hata huyo wa Ulaya alijua.

Gemu ikawaka. Shemeji akapiga ndege mbili tatu. "Omera, ndugu yangu, hii ni kali."

Mwenye nyumba hakuwa anaangalia televisheni. Alikuwa anaangalia kaseti. Ile picha nzuri ya ndege na moto ilikuwa inaonwa na ukuta, na wageni wanaona mgongo mtupu. Kumbe kwake hiyo ndiyo aibu. Akainuka, akaivuta ikiwa moto, akaigeuza ili picha iwasalimie wakwe, akaibonyeza tena ndani.

Harufu ya plastiki ikajaa sebuleni. Televisheni ikawa kijivu.

Alinigeukia, mdomo umeshafunguka, na nilijua neno linalokuja: veranda. Mama mkwe akakohoa kidogo.

"Baba, fundi huyu ni wako?"

Akameza mate. Ungetaka kuona mtu akimeza jiwe, ungekuwepo. "Ni wangu, Mama."

"Ilikuwa inafanya kazi kabla hujaigusa. Anakaa wapi?"

"Nimempa veranda yangu, Mama. Atakaa pale mpaka achoke mwenyewe."

Mama akasema ni vizuri mtu kusaidia watu. Shemeji akainamia soda yake, mabega yanacheza. Mimi nikafungasha adapta yangu iliyoungua, nikaaga kwa heshima zote, nikatoka nikicheka mpaka stendi.

Siku ya soko iliyofuata mama mkwe alituma redio yake kutoka Sondu, kwa fundi wa mkwe wake. Aliyeileta mezani ni mwenye veranda mwenyewe, akiibeba mikono miwili mbele ya wachuuzi wote. Nikamwambia, "Bwana, subiri kidogo, keti hapo kwa stuli." Ilikuwa waya moja tu imekatika. Nilifanya polepole sana.