Ndoo ya Lempi

Lempi Kantola hamuuzii upinde mtu aliyesimama. Nyuma ya duka la vifaa, kati ya minyororo ya matairi na makoleo ya theluji, ana kona yake, na kwenye kona hiyo ipo ndoo ya rangi iliyopinduliwa. Ukitaka upinde wa roda, ule wenye vigurudumu kwenye ncha zake mbili, uwe daktari, uwe mkata magogo, utakalia ndoo, utainua miguu yote miwili, kisha utavuta ugwe polepole. Ukiona lazima uunyanyue upinde juu kama mtu anayetungua matunda, huo si wako, tafuta mwingine.

Wanaume hawaipendi ndoo hiyo, na nawaelewa. Dukani kuna joto, umesimama, umekunywa kahawa yako, hapo kila mtu simba. Ngoja ufike Novemba, umekaa juu ya dungu mtini tangu alfajiri, vidole vimekufa ganzi, ndipo dume la kulungu linatokea na mkono unakataa. Lempi amewasikiliza wengi wakilia machozi ya namna hiyo. Ana sheria nyingine pia, nayo haina mjadala: asiyeweza kuvuta ratili arobaini apige shabaha uani kwake, kulungu amwache. Chini ya hapo mnyama hafi vizuri, huenda kuozea vichakani.

Ukali huo hakuzaliwa nao. Juu ya meza yake, kwenye msumari, kimening'inia kipande cha mshale wa kaboni, kimechanika nyuzi nyuzi. Ni mshale uliomwingia marehemu mumewe, Arvid, kwenye shina la dole gumba la kushoto. Arvid alikuwa ameukaza upinde wake bila kubadilisha mishale. Upinde mkali unataka mshale mgumu. Ukiutilia mshale laini, unajipinda kupita kiasi kila ukiachiwa, unaweka ufa usioonekana, na siku moja unapasukia mkononi. Baada ya siku ile Arvid hakuweza tena kushika ndoo ya maziwa. Ng'ombe waliuzwa, na Lempi akaenda kujifunza kazi ambayo kama angeijua mapema, mkono ule ungepona.

Sasa nisikilizeni, maana mwanamke huyohuyo, mwenye kipande kile mbele ya macho yake kila siku ya Mungu, ndiye aliyefanya alichokifanya.

Kaka yake, Onni, aliingia dukani mwishoni mwa Agosti na kijitabu cha matangazo mkononi. Ana miaka sitini na sita. Machi aliteleza juu ya paa akiondoa theluji, akaangukia bega la kulia, na tangu hapo hata koti alivaa kwa kuliviziavizia.

"Nataka huu," alisema, akigonga picha.

"Huo unalipia jina na rangi, kaka," Lempi alimwambia. "Dola elfu moja na mia tatu za nini? Chukua huu wa mwaka jana, mia nne na hamsini. Hauna mbio za kutisha, lakini unamsamehe mtu akitetemeka, na skrubu zake zinalegezwa na kukazwa utakavyo."

Alimnyoosha mikono kama msalaba, akampima kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, akauweka upinde sawa na urefu wa mikono yake. Onni aliugeuzageuza, akaupenda, ingawa hakusema.

"Niwekee ratili sabini."

"Kaa kwenye ndoo kwanza."

"Acha mambo yako, Lempi! Mwanaume mzima nikalie ndoo kama nakamua ng'ombe? Baba alikuwa anavuta ngapi?"

"Baba hakuanguka kutoka juu ya paa."

"Basi niuzie ule wa kitako wa kufyatua kama bunduki, nikae na vikongwe wenzangu!" Aliugeuzia mlango uso, na Lempi akaona kidevu chake kinacheza. Hakuwahi kukiona kidevu cha Onni kikicheza, hata kwenye maziko ya mama yao.

Huruma ikamponza. "Haya, sabini," alisema. Akageukia meza, akatia spana, akalegeza skrubu ya juu mizunguko saba na ya chini mizunguko saba, mpaka mizani ikasoma hamsini na mbili. Akamchagulia na mishale laini ya kufanana na hamsini na mbili, ili iruke sawa, kaka yake asikose. Namba za ugumu ziliandikwa kwenye mishale, ndiyo, lakini Onni hasomi herufi ndogo bila miwani, na miwani haivai mbele ya watu.

Alivuta mara moja, amesimama. Ukaja vizuri.

"Umeona?" alisema, uso umemng'aa. "Sabini, bega halijambo!"

Lempi alicheka naye. Usiku hakulala vizuri, na hakujua kwa nini, au alijua akajifanya hajui. Mara tatu mwezi ule wa Septemba alishika simu amwambie ukweli, mara tatu akairudisha. Mdomo uliozoea kuwaambia watu namba zao, safari hii uliganda.

Msimu ulifunguliwa asubuhi ya baridi kavu. Saa moja na nusu, jirani yao Gordi aliingia kutafuta glavu, na kabla hajafunga mlango alikuwa ameshaanza kucheka.

"Lempi, ungekuwapo jana! Tulikuwa na Onni gereji kwangu, akijisifia sabini zake. Nikatungika upinde kwenye mizani yangu ya samaki. Hamsini na mbili! Tukamwambia huo ni wa mjukuu wako, mzee, mrudishie!"

Lempi aliweka chini kikombe. "Akasemaje?"

"Akachukua spana yangu, akakaza mpaka skrubu zikagoma. Akapiga mishale kumi palepale, jasho linamtoka, bega linalia. Mbishi yule!"

"Mishale ipi?"

"Si hiyohiyo uliyomuuzia?"

Lempi alipita mbele ya msumari wenye kile kipande, akachukua funguo za gari, akaacha duka wazi na Gordi kasimama na glavu mkononi. Alimpigia Onni njia nzima huku akijua kwamba kule kwenye kinamasi cha mierezi anakowinda simu haishiki. Mungu wangu, alikuwa akisema, mkono wa kaka yangu, nimeutegea mimi mwenyewe.

Aliacha gari barabarani, akakimbia kadiri mapafu ya miaka sitini na moja yanavyoruhusu. Kwetu mtu akipiga kelele msituni asubuhi ya kwanza ya msimu, hasemeshwi hadi Pasaka. Aliona dungu kwa mbali, akamwona Onni amesimama juu yake, na chini, kati ya mierezi, dume la kulungu limegeuza ubavu. Upinde ulikuwa umeshainuka kuelekea mbinguni na kushuka. Alikuwa ameshavuta.

"Onni! Usiachie! Usiachie, kaka!"

Dume lilitoweka. Onni alibaki na zile ratili sabini mkononi, hana wa kumpiga, na upinde uliovutwa hauna njia nyingine ya heshima ila kuurudisha polepole. Aliurudisha. Mwishoni ugwe ulimpokonya mkono kwa nguvu, na Lempi, akiwa hatua thelathini, alisikia kaka yake akiguna kama mtu aliyepigwa ngumi tumboni.

"Umerukwa na akili?" Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Lempi, una wazimu?"

"Nipe mshale. Nipe huo uliokuwa kwenye ugwe."

Aliuteremsha kwa kamba pamoja na upinde, akashuka kwa mkono mmoja. Lempi aliushika mshale kwenye ncha zote mbili, akausogeza sikioni mwa kaka yake, akaupinda kidogo. Ulialika, kama vijiti vikavu vinavyoanza kushika moto.

Onni alimjua Arvid. Hakuhitaji kuelezwa.

"Nililegeza mimi," Lempi alisema. "Nikakudanganya, nikakupa mishale ya uongo wangu. Ningekutoa mkono, Onni."

"Ungeniambia."

"Ungesikia?"

Onni alikuwa amelishika bega la kulia, na rangi ya uso wake haikuwa nzuri.

Wiki mbili baadaye aliingia dukani mwenyewe, saa ambayo watu ni wengi, Gordi akiwamo. Alikwenda moja kwa moja kwenye ndoo, akaikalia, akainua miguu.

"Legeza mpaka niweze," alisema. "Halafu utaje namba. Kwa sauti, na iwe ya kweli."

Lempi alilegeza, Onni akajaribu, ukakataa. Akalegeza tena. Upinde ule ulikubali kulegea mno, ndiyo sababu alimchagulia. Mara ya tano ugwe ulikuja, Onni ameuma meno. Lempi alitungika upinde kwenye mizani, akasoma, akasoma tena. Watu wote walikuwa wanaijua sheria yake ya arobaini.

"Sema, dada."

"Thelathini na tatu."

Hakuna aliyecheka, hata Gordi. Onni aliitikia kwa kichwa mara moja, akainuka, akauchukua upinde kwa mkono wa kushoto ambao ungali mzima, akautundika mwenyewe ukutani pamoja na mingine ya kuuzwa. Lempi aliigeuza ndoo, akaanza kutia ndani spana zake moja moja, kama fundi anayefunga kazi.