Kifaa Alichonunua Arnfinn

Sidsel Aukan aliamini kwa miaka mingi kwamba ndoa yake ilikuwa na bahati kuliko za wenzake, na hakuona haya kusema hivyo. Alikuwa akifanya kazi katika chumba cha kufulia cha nyumba ya wazee mjini Kristiansund, yeye na mwenzake Torill, wakikunja mashuka huku kila mmoja ameshika ncha zake. Mle ndani, mashine zikinguruma, walisemezana mambo ambayo wasingethubutu kuyataja mbele ya mama wakwe zao.

"Mumeo wiki mbili baharini, wiki nne nyumbani," Torill alikuwa akimwambia. "Akirudi ana hamu kama bwana harusi. Wangu mimi yupo nyumbani kila siku ya Mungu, na sijui hata yupo wapi."

Sidsel alicheka. Alikuwa na kicheko kikubwa, kilichowafanya wazee wa korido ya pili wagonge ukuta.

Mumewe, Arnfinn, alikuwa mwendesha kreni kwenye jukwaa la kuchimba mafuta baharini. Zamani, kabla kila mtu hajawa na simu yake mfukoni, huko baharini kulikuwa na simu moja tu na foleni ndefu ya wanaume nyuma yake. Arnfinn aliuliza kwa sauti kavu ya mtu anayeulizia mali yake, "Boti iko salama?" Na Sidsel, akiwa amesimama jikoni na mtoto kiunoni, alijibu, "Imefungwa kwa kamba moja tu, kapteni. Ukichelewa naikata." Alimsikia akikohoa ili wenzake wasigundue anacheka. Boti ilikuwa Sidsel mwenyewe, na waliishi hivyo. Watoto walikua, wakaenda zao Trondheim na Bergen, na bado boti ilikuwa ikiulizwa hali yake.

Kisha Leidulf akafa.

Leidulf alikuwa rafiki wa Arnfinn, wakati mmoja hata walilala chumba kimoja huko jukwaani. Mzigo wa mabomba uliokuwa kwenye kreni ya Arnfinn uliyumba kwa upepo, ukambana Leidulf ukutani. Uchunguzi ulifanyika na ukasema Arnfinn hakuwa na kosa. Hayo Sidsel aliyasikia mazishini, kutoka kwa watu wengine. Arnfinn mwenyewe alimwambia neno moja tu, kwamba alishuka kwenye kreni na kukaa na Leidulf mpaka helikopta ilipofika. Sidsel alipouliza zaidi, alisema, "Nilikaa naye, basi," akatoka kwenda kwenye banda la boti.

Tangu hapo alikuwa mtu wa bandani. Akiwa nyumbani alikwangua na kupaka rangi boti ambayo haikuhitaji rangi. Mgongo ukaanza kumuuma, akahamia kochini. Daktari alimpa vidonge vya sonona, navyo vikampa usingizi, ila vikazima na mengine, Sidsel alilijua hilo kwa sababu usiku mmoja alimfuata kochini na Arnfinn akamshika mkono, akauondoa taratibu kama mtu anayemtoa paka mapajani, na kusema, "Samahani, mke wangu." Hawakulizungumzia tena. Ukapita mwaka, na mwingine ukaingia. Sidsel alikuwa na miaka hamsini na mitatu, hedhi imekoma, na kifuani mwake mlikuwa na hofu ambayo hakuweza kuitaja hata kwa Torill: kwamba mambo yale yamekwisha, na kwamba hakuna aliyempa nafasi ya kuyaaga.

Kwa hiyo siku ile ya Novemba alipoitwa kuchukua kifurushi kwenye kaunta ya duka la vyakula, ambako posta huacha mizigo, hakukitarajia kilichomo. Boksi lilikuwa jeupe, halina maandishi. Alilifungua mezani jikoni, akalifunika haraka, kisha akalifungua tena.

Simu ikalia alasiri. Arnfinn alikuwa zamu ya usiku, na saa hizo ndipo alipokuwa akiamka.

"Kimefika?"

"Kimefika kitu. Ila sijui ni nini. Kinafanana na kile cha kunyonyea kamasi za watoto."

Arnfinn akakohoa. Kikohozi kile cha zamani! Sidsel alishika ukingo wa meza.

"Siyo kama kile chako kingine," Arnfinn alisema. "Kile kinachonguruma kama mashine ya kahawa."

"Ulijuaje kuhusu kile?"

"Sidsel. Nyumba yetu ina vyumba vitano tu, na kuta za mbao."

Cha zamani alikuwa amekinunua mwenyewe: kitu cha betri, chenye kitufe kimoja, kinachotetemeka hadi mkono unaingia ganzi. Alikizoea kama mtu anavyozoea baiskeli mbovu. Hiki kipya kilikuwa kidogo, chenye mdomo laini wa mpira, na hakikutetemeka. Kilivuta hewa kwa mapigo madogo, karibu kama pumzi ya mtu. Tena hakikuhitaji mkono wake. Kiliunganishwa na simu, na Arnfinn akiwa huko baharini alitelezesha kidole chake kwenye skrini, nacho kikafuata kidole hicho huku nyumbani.

"Nimefikiri," Arnfinn alisema. "Nimefikiri labda nikiwa mbali nitaweza."

Sidsel hakumuuliza ana maana gani. Alifunga mapazia ya chumbani.

Mara ya kwanza ilikuwa kichekesho. Mtandao ulikatika, ukarudi kwa kishindo, na Sidsel akapiga yowe akaangusha taa.

"Punguza! Punguza, Arnfinn, unataka kuning'oa?"

"Nimepunguza!"

"Hujapunguza, umeongeza!"

Walicheka wote wawili mpaka Sidsel akalia. Hakupata raha yoyote siku ile, lakini kesho yake alikunja mashuka akiimba, na Torill akamtazama kwa jicho la pembeni.

"Shoga, umekula nini wewe?"

"Viazi."

"Viazi gani hivyo vya kumtia mtu rangi mashavuni? Niletee kilo mbili."

Akamwambia, nusunusu. Torill aliketi juu ya kapu la nguo, akajipepea na taulo la wazee. "Kutoka baharini? Kwa simu? Jamani, na wangu hata rimoti ya televisheni inamshinda!"

Kujifunza kulimchukua muda. Alijifunza kukipasha moto kwanza viganjani, kwa sababu mpira baridi ulimkunja mwili mzima. Alijifunza kutokisukuma kama alivyozoea na kile cha zamani, bali kukiacha kipumue. Gumu zaidi lilikuwa kusema. Kwa miaka thelathini walikuwa wamezungumza kwa lugha ya boti na kamba. Sasa ilimbidi aseme wazi, juu, chini, polepole, hapo, na sauti yake mwenyewe ilimshtua katika chumba kile chenye giza la saa tisa alasiri ya majira ya baridi. Lakini alisema. Na Arnfinn alisikiliza, au Sidsel alidhani anasikiliza. Siku moja mwili wake uliitika, mzima, kama ulivyokuwa ukiitika zamani, naye akabaki amelala, machozi yakimtiririka hadi masikioni, akisema, "Upo? Arnfinn, upo?"

Kimya kilikuwa kirefu. Kisha Arnfinn akasema, "Nipo. Vizuri?"

"Vizuri sana."

Arnfinn aliporudi kwa wiki zake nne, Sidsel alitandika shuka jipya. Arnfinn alikwenda kochini. Alipika, alizoa theluji mlangoni, alimshika bega akipita jikoni, lakini kifaa hakikutajwa, kana kwamba kilikuwa mali ya watu wengine wawili. Sidsel alijiambia asubiri. Labda ndivyo njia ilivyo, alijiambia, kutoka mbali kuja karibu.

Basi akaondoka tena, na alasiri zikarudi, na katika mojawapo Sidsel akagundua jambo. Mapigo yalikuwa yakijirudia. Matatu mafupi, moja refu, kupanda, kushuka, kisha tena yale yale bila kukosea. Alisema, "Polepole," na hakikupunguza. Alisema, "Arnfinn, simama kidogo," na hakikusimama. Alikitoa, akakitazama kikipumua peke yake kiganjani. Kisha akachukua simu yake na kupekua ile programu, akakuta kilichomo: mapigo yaliyopangwa tayari, unabonyeza mara moja, unakwenda zako.

Hakukasirika mara moja. Kwanza alivaa koti la nyumbani, akaenda jikoni, akakiweka kifaa mezani pembeni ya viazi, simu kando yake. Akaanza kumenya. Kile kidude kilipiga matatu mafupi na moja refu juu ya ubao, mdomo wake wa mpira ukivuta hewa tupu.

Baada ya muda sauti ya Arnfinn ikatoka kwenye simu, laini, karibu ya aibu.

"Vizuri?"

Sidsel alitazama kisu mkononi mwake. "Vizuri sana," alisema.

Aibu ya jibu hilo ilimkaa kuliko hasira. Na bado kesho yake alifanya vilevile, na kesho kutwa. Alimenya karoti, alipiga pasi, mara moja alitoka hata kwenda kutupa takataka, na kila aliporudi aliwahi kuwa karibu na simu ili aulizwe na ajibu. Alifikiri kuna mwanamke. Alifikiri anatazama mpira. Alifikiri wenzake wamekaa naye wanacheka. Kazini hakuimba tena, na Torill alipomtania juu ya viazi alimwambia, "Niache, Torill," kwa namna ambayo Torill aliacha kweli.

Arnfinn alirudi mwisho wa Januari. Sidsel alimngoja avue viatu, akamwambia akiwa bado amesimama ukumbini.

"Ulikuwa unabonyeza na kuondoka."

Arnfinn hakukana. Aliketi kwenye benchi la viatu, kofia mkononi.

"Uko na nani huko? Niambie tu, nijue."

"Hakuna mtu."

"Sasa ulikuwa unakwenda wapi?"

"Sikuwa nakwenda popote. Nilikuwa naiweka simu chini ya mto. Nilikuwa nakaa bafuni mpaka muda upite."

"Kwa nini? Arnfinn, nilikuwa naongea na wewe! Nilikuwa nasema mambo ambayo sijawahi..."

Arnfinn aligeuza kofia mikononi. Alipozungumza hakumtazama.

"Unavyopumua," alisema. "Mwishoni, ukikaribia. Unavyovuta pumzi halafu unaizuia, halafu inatoka yote. Leidulf alipumua hivyohivyo. Kichwa chake kilikuwa hapa, mapajani kwangu. Alipumua hivyo muda mrefu, Sidsel. Helikopta ilichelewa kwa upepo. Mara ya kwanza, ile tuliyocheka, haikuwa na shida. Nikadhani nimepona. Halafu siku ile ulipofika kweli..." Akaikunja kofia. "Nilitapika. Ndiyo maana nilichelewa kujibu."

Sidsel aliketi sakafuni mbele yake, katikati ya viatu vilivyolowa.

"Na hapa nyumbani? Kochi? Mgongo?"

"Mgongo hauna kitu."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia vipi? Kwamba sauti yako ya raha ni sauti ya mtu anayekufa? Ungeibeba wapi?"

Sidsel akasema, "Mimi nami nilikuwa nakudanganya. Nilikiweka kifaa juu ya meza nikamenya viazi."

Arnfinn alimtazama kwa mara ya kwanza. "Hukuwepo?"

"Sikuwepo."

Kwa hiyo alasiri zote zile, kifaa kilikuwa kikipiga juu ya ubao, simu ikiongea na mto, na hapakuwa na mtu upande wowote. Mtu mwingine angecheka. Sidsel alingoja labda Arnfinn atakohoa, lakini Arnfinn alikuwa ameinamisha kichwa magotini.

Hawakuachana. Arnfinn aliandikishwa kwa mtaalamu wa kutibu kiwewe huko Molde, foleni ikawa ndefu, akaenda mara mbili, akasema yule mtu anamtaka asimulie tena na tena, na yeye hana nguvu ya kusimulia. Wakati wa majira ya kuchipua alisimamishwa kazi ya kreni kwa afya. Sasa yuko nyumbani siku zote.

Sidsel alijaribu kifaa kile mara moja akiwa peke yake, siku Arnfinn alipokwenda mjini. Kilifanya kazi yake upesi na kwa usahihi, na mwili wake ukaitika kama goti linavyoitika nyundo ya daktari. Katikati alijisikia anavuta pumzi na kuizuia. Akaisikia. Akakizima kabla ya mwisho, akakaa kitandani hadi miguu ikapata baridi. Kile cha zamani nacho hakukigusa tena. Tatizo halikuwa kwenye kifaa hata kimoja.

Torill alipouliza, alisema wameachana na upuuzi huo, umri umekwenda. Torill alimtazama, akashika ncha za shuka, na wakakunja.

Jioni wanakaa kochini mbele ya televisheni. Wakati mwingine Arnfinn anaweka mkono juu ya goti lake na kuuacha hapo, mzito na wa moto, na Sidsel anautaka mkono ule hata meno yanauma. Hageuki. Hasogei. Anatazama mbele, mdomo wazi kidogo, anaingiza hewa nyembamba na kuitoa nyembamba, ili isisikike.